Historia ya Mbio za Safari ni ya Nchi Tatu

Mwaka 2021 nchi jirani ya Kenya ilirudishiwa mashindano ambayo ilikuwa imeyakosa kwa miaka 19, nayo ni mbio za magari za Safari zenye kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa mwaka 2002. Tangu kurudi huko, kila magari yanapokusanyika Naivasha magazeti ya Nairobi hujaa picha za vumbi na za pundamilia, na kila mara husemwa kwamba mbio hizi ni urithi wa Kenya. Hatuna ugomvi na majirani zetu katika kufurahia mashindano yao. Lakini urithi ni neno zito, na mwenye kulitumia hana budi kuwataja warithi wote. Mbio za Safari zilizaliwa katika nchi 3 kwa pamoja, na kwa miaka ishirini zilipita katika barabara za nchi hizo 3. Sehemu ya historia hiyo iliyo upande wetu wa mpaka inatoweka bila ya mtu kuiandika.

Yafaa tuanze mwanzo. Katika Kenya ya wakoloni walikuwapo Wazungu wapenda magari waliokuwa wakishindana kwa kuzunguka uwanja wa Langa Langa, karibu na Gilgil. Mmoja wao, Eric Cecil, alimshawishi binamu yake Neil Vincent ashiriki. Vincent akakataa, alisema kwamba kuzunguka mahali pamoja ni jambo la kuchosha, na kwamba yeye angependa zaidi kuingia katika gari, kufunga mlango, kwenda mbali katika bara la Afrika na kurudi. Kutokana na mzaha huo yakapangwa mashindano ya kwanza, tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza siku iliyofuata.

Wengi wanaotazama mbio za siku hizi hudhani kwamba tangu awali shabaha ilikuwa kasi. Sivyo. Mwaka 1953 magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, na la tajiri na la tajiri mwenzake. Ulikuwa mtihani wa gari la kawaida: je, gari lile lile analouziwa mwalimu au mfanyabiashara litafika na kurudi? Desturi hiyo ya kulitia gari katika mtihani ilikuwa ya zamani huko Uingereza. Chama kiitwacho Motor Cycling Club, kilichoundwa mwaka 1901, kilianzisha mwaka 1908 mtihani wa kwenda Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya nchi hiyo, ambako dereva hupandisha vilima vya matope na mawe, na kosa lake kubwa ni kusimama. Chama hicho bado kipo na mtihani huo bado unafanyika wakati wa Pasaka, ukiingiza magari ya kale pamoja na mapya. Waingereza hao wamejua jambo moja ambalo sisi tumelipuuza, kwamba mashindano ambayo hayakuandikiwa kumbukumbu hugeuka hadithi katika kizazi cha pili, na katika kizazi cha tatu huwa hayapo.

Lakini mwaka 1953 una upande mwingine, nao vitabu vingi vya wapenzi wa magari hupita juu yake kwa haraka. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952. Mwezi Machi 1953 yalitokea mauaji ya Lari. Tarehe 8 Aprili, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake 5 walihukumiwa kifungo. Wiki 7 baadaye magari yakapeperushiwa bendera kumshangilia Malkia. Mwandishi wa historia ya mbio hizi anayeliacha jambo hilo nje ya ukurasa wake anaandika tangazo la biashara. Wala haitoshi kusema kwamba ulikuwa mchezo wa walowezi, kisha tukaugeuzia uso. Waafrika walikuwapo tangu siku ya kwanza. Walikuwa kando ya barabara, na mara gari lilipozama walikuwa nyuma yake, mabega yao yakiwa kwenye bati.

Baada ya miaka michache mbio zikahamishiwa siku za Pasaka, yaani katikati ya masika. Hapo ndipo jina lake lilipovuma duniani. Mwaka 1960 zikaitwa rasmi East African Safari Rally. Njia ilikuwa ya kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, na sehemu za Tanganyika zilihesabiwa miongoni mwa zilizo ngumu. Madereva wa miaka ya 1960 walikuwa wakiutaja mteremko wa Magara, ule unaoshuka kutoka nyanda za Mbulu kuingia Bonde la Ufa, kama watu wanavyomtaja mtu waliyegombana naye. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 yakaondoka zaidi ya 90, na hesabu ikawa ile ile, 7. Katika miaka hiyo yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Gari hilo la Peugeot lastahili kusemewa neno. Lilishinda mwaka 1963, likashinda 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Tukiwauliza vijana wetu leo ni dereva gani kutoka Dar es Salaam aliyeshinda Safari mara 2 mfululizo, ni wangapi watakaojibu? Na bado wazee wao walizipanda Pijo hizo katika teksi na katika safari za mikoani mpaka viti vikachakaa.

Kutoka 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda, ingawa viwanda vya Ulaya vilituma timu zao zenye fedha na mafundi. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, katika Ford Escort. Sababu haikuwa ujasiri. Wageni walikuwa na ujasiri wa kutosha. Wenyeji walijua ni mto upi unaojaa saa 2 baada ya mvua kunyesha milimani, ni upande gani wa barabara wenye changarawe chini ya tope, na ni kijiji gani chenye vijana wengi karibu na kivuko. Elimu ya namna hiyo haikupatikana katika ramani. Waliipata kwa kuwauliza wakulima, wachungaji na madereva wa malori. Kwa hiyo katika kila kikombe kilichotolewa Nairobi mna sehemu ya maarifa ya watu ambao majina yao hayakuchorwa juu yake.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari kabla hajawa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, baada ya kuondoka wakiwa gari namba 1, mbele ya wote. Akashinda tena 1974 na 1976. Watu walimwita Simba wa Kenya. Alifariki London mwaka 2013. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Familia yake iliondoka huko mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, na Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, akashinda Safari akiwa Kenya, kwa gari la Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawa kabisa, ikabidi itumike kanuni ya kuwatenganisha waliolingana. Mehta alishinda mara 4 nyingine, mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Alifariki mwaka 2006. Katika orodha za washindi ameandikwa kuwa Mkenya. Ni haki, kwa sababu Kenya ilimpokea. Lakini mtafiti wa Uganda atakayeandika historia ya michezo ya nchi yake bila ya Mehta atakuwa amemfukuza mara ya pili.

Mwaka 1974 maneno Afrika Mashariki yakaondolewa katika jina, na njia zikabaki Kenya peke yake. Uhusiano wa serikali 3 ulikuwa umeharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Wengi walizungumza juu ya reli, ndege na posta zilizogawanywa. Kumbukumbu za mchezo hakuna aliyezifikiria. Zilibaki pale zilipokuwa: Nairobi, kwenye makao ya waandaaji na kwenye maktaba za magazeti. Kilichobaki huku kilikuwa katika vichwa vya watu.

Sasa tutazame hali ilivyo leo. Gari la Datsun 240Z lililoshinda mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, limo katika hazina ya magari ya kampuni ya Nissan huko Zama, Japani, nalo limefufuliwa. Wajapani walikuwa wametengeneza hata filamu ya sinema juu ya mbio hizi, Safari 5000, mwaka 1969, akiigiza Ishihara Yujiro, mmoja wa waigizaji wao mashuhuri sana. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Tanganyika, alizipiga picha mbio hizi tangu ujana wake. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapa hapa Dar es Salaam, baadaye ikahamia Nairobi, na picha zake ziliendelea kutunzwa baada ya kifo chake katika ajali ya ndege karibu na Visiwa vya Komoro mwaka 1996. Kwa hiyo mtu mwenye nauli anaweza kuisoma sehemu kubwa ya historia ya Safari, mradi akubali kuisomea ugenini.

Tangu mwaka 2003, ilipotimia miaka 50, pamekuwa na mashindano ya magari ya zamani yaitwayo East African Safari Classic Rally. Haya yamekuwa yakivuka mpaka na kuingia tena Tanzania, na watu wa Arusha na Tanga wameyaona. Ni jambo la furaha, maana gari la kale linalokwenda lina sauti yake na harufu yake, na sauti hiyo haipatikani katika kabati la kioo. Hata hivyo, mtu asiyesoma anaweza kudanganyika. Gari linaloonekana zaidi katika mashindano hayo ni Porsche 911, na Björn Waldegård wa Sweden alishinda nalo mwaka 2011. Lakini katika Safari yenyewe Porsche haikushinda hata mara moja. Ilifika ya 2 mwaka 1974, Waldegård huyo huyo akiendesha, na ya 2 tena mwaka 1978, akiendesha Vic Preston mdogo wa Kenya. Magari yaliyoshinda katika miaka ya mwanzo, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Mercedes na Peugeot 404, ni machache mno kuonekana humo, kwa sababu wenye fedha za kushindana huchagua gari lenye nguvu. Kijana anayesimama kando ya barabara akipunga mkono anafundishwa historia ambayo haikutokea. Sisemi yakomeshwe. Nasema mwalimu wake asiwe gari peke yake.

Na sisi wa redio tusijitoe katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja cha utangazaji, nikaambiwa kwamba ghalani mna kanda za zamani za matangazo ya Safari. Nililala na furaha. Asubuhi yake nikapewa ufunguo, na baada ya kupekua kwa saa nyingi nikapata maboksi 3 yenye neno Safari lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Kanda ya kwanza ilikuwa imeshikana kwa unyevu, haikuzunguka. Ya pili ilikuwa na kwaya. Ya tatu ilikuwa na hotuba ya ufunguzi wa kiwanda, na mwisho wake, kwa muda usiozidi nusu dakika, ikasikika sauti ya mtangazaji akitaja namba za magari yaliyopita, na nyuma yake mvua ikipiga bati. Kanda zilikuwa ghali, zikafutwa ili zitumike tena. Aliyefanya hivyo hakuwa adui wa historia. Alikuwa na taarifa ya habari ya saa 2 usiku na hana kanda. Lakini ile nusu dakika nimeisikiliza mara nyingi kuliko kipindi chochote nilichopata kukitayarisha mwenyewe.

Utafiti wa mbio hizi una vifaa vyake. Kipo kitabu cha njia, kilichoonyesha umbali kutoka njia panda moja hadi nyingine. Ipo kadi ya vituo, iliyopigwa saa na dakika kila gari lilipofika. Yapo magazeti ya wakati ule, ambayo yalitoa orodha ya waliobaki siku baada ya siku. Karatasi hizi zina uongo mdogo kuliko simulizi za watu, lakini zina upofu mkubwa. Kadi ya vituo itakuambia gari lilichelewa dakika 40 kati ya kituo na kituo. Haitakuambia nani alilitoa mtoni. Na waliolitoa mtoni wakiulizwa, watachanganya miaka. Basi kazi ya mtafiti ni kuwaweka pamoja, karatasi na mzee, na kuwaacha wasahihishane.

Nilijaribu kazi hiyo mara moja, karibu na Korogwe, nikiwa na kinasa sauti. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mkulima, mwenye umri unaokaribia miaka 80.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wao wa serikali?"

Nilimweleza kwamba mimi ni wa redio na kwamba nauliza habari za mbio za zamani. Alicheka, akasema kwamba tangu azaliwe hajapata kuulizwa habari hizo. Kisha akaeleza jinsi yeye na vijana wenzake walivyoisukuma Pijo ya Kalasinga iliyokuwa imezama mpaka milangoni. Nikamwambia kwa adabu kwamba Kalasinga aliyevuma wakati ule, Joginder Singh, mwaka aliposhinda alikuwa na Volvo. Mzee akanyamaza kidogo, akitazama mikono yake.

"Basi ni magari mawili," akasema. "La Kalasinga halikukwama. Lilitumwagia tope likapita, na nyuma yake kimya, tukangoja sana ndipo likaja la pili. Pijo ndiyo tuliyoisukuma, Pasaka iliyofuata, na ndani walikuwa Wazungu. Azimio lilikuwa halijatangazwa."

Wasikilizaji na wapime wenyewe. Mzee hakuwa na karatasi hata moja, wala hakujua kwamba mwaka 1965 gari la Joginder liliondoka likiwa namba 1. Lakini kumbukumbu yake ilihifadhi ule ukimya wa nyuma ya gari la kwanza. Na kwa kuwa Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, Pasaka aliyoitaja haiwezi kuwa nyingine ila ya 1966, mwaka ambao Peugeot ilishinda. Kama Pijo ile ilikuwa ya Shankland au ya mwingine, hilo mzee hakulijua, nami sikumtia neno mdomoni. Zilikuwa nyingi barabarani.

Nilimwuliza walipewa nini. Akasema pakiti moja ya sigara, watu 9, na yeye wakati huo alikuwa havuti. Nikamwomba anitajie majina ya wenzake. Aliyataja yote 9 pamoja na la baba wa kila mmoja, taratibu, nami nikaandika. Waliobaki hai ni wawili, yeye na mwingine aliyehamia upande wa Handeni kwa watoto wake. Mzee alinipa ujumbe wa kumpelekea. Daftari ninalo, na kanda ya mazungumzo yetu imeandikwa tarehe na mahali juu ya boksi. Handeni bado sijafika.